Bidhaa Mpya Huokoa Kiwanda, au Jina Lake Tu?

Mwaka 2014 kampuni ya Eveready East Africa ilitangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru, kiwanda kilichokuwa kikifanya kazi tangu 1967. Kampuni yenyewe haikufa. Ilibaki kwenye Soko la Hisa la Nairobi na ikaendelea kuuza betri, ila sasa betri hizo zilitoka Misri zikiwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Mwaka 2016 Sameer Africa, waliokuwa wakitengeneza tairi za Yana jijini Nairobi, wakafuata njia hiyo hiyo: mitambo ikazimwa, tairi zikaanza kuagizwa kutoka nje.

Tangu hapo, kila kiwanda kinapofungwa husikika maneno yale yale: walilala, hawakubuni, ndiyo maana wamekwisha. Siyakubali maneno hayo kwa haraka, na kinyume chake pia sikikubali kwa haraka. Nimeona afadhali niweke sauti tano zibishane. Sauti nimezitunga mimi, lakini hoja ni zile zinazosikika kwenye karakana, kwenye ofisi za wahasibu na kwenye maduka ya jumla kuanzia Nakuru hadi Mombasa. Yuko mhandisi, binti anayesanifu bidhaa. Yuko mhasibu aliyezoea kukagua vitabu vya viwanda. Yuko mzee mstaafu aliyeendesha mashine viwandani Nakuru kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Yuko fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi. Na yuko mama mwenye duka la kanga Mombasa. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitasema.

MHANDISI: Mimi sizunguki. Kiwanda kisichobadili bidhaa kinasubiri siku yake. Tazameni ile betri kubwa ya tochi na redio. Kulikuwa na nyumba mashambani ambazo jioni haikupita bila hiyo betri. Ikilegea, watoto walitumwa kuianika juani juu ya bati, na wengine waliibonyeza kwa meno ili redio ipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Soko kama hilo nani asingelitaka? Kisha mwaka 2003 Nokia wakatoa simu ya 1100, ina tochi kichwani. Kenya tukaziita mulika mwizi, Tanzania wakaziita vitochi. Tochi ikahamia mfukoni, na haikuhitaji betri ya dukani. Taa za LED zikaenea, zinazotumia umeme kidogo mno kuliko globu ya zamani. Mwaka 2012 M-KOPA wakaanza kuuza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa njia ya simu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa mtengenezaji wa betri. Walikuja kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa akiulinda, na betri ya zinki na kaboni ilikuwa bado ni ile ile aliyoijua baba yangu.

MSTAAFU: Nimekusikia, binti yangu, na ulichosema juu ya simu sikikatai. Lakini usiruke mambo. Kabla simu hazijafika kila kijiji, madukani zilikuwa zimeshajaa betri za bei ya chini kutoka nje, na nyingine za bandia kabisa, zimevaa rangi za wenyewe. Kampuni yenyewe ilipofunga ilizitaja hizo. Sasa nikuulize: hizo betri zilikuwa na ubunifu gani? Kopo la zinki, unga mweusi wa manganizi, kijiti cha kaboni katikati, karatasi, lakiri juu. Kitu kile kile. Walichotuzidi ni bei, na ubora wa wengine ulikuwa chini ya wetu. Mama aliyekuwa anahesabu sarafu dukani hakuwa anatafuta kipya. Alikuwa anatafuta atakachoweza kununua na bado abaki na pesa ya chumvi.

MHANDISI: Ndiyo maana nasema, Mzee. Bidhaa ikishakuwa ile ile kwa kila mtu, kinachobaki ni kushindana kwa bei, na kwa bei sisi hatumshindi mwenye kiwanda kikubwa mara kumi. Bidhaa mpya ingewatoa kwenye uwanja huo.

MHASIBU: Mpya ya namna gani, na kwa pesa ya nani? Niruhusuni niseme kama mtu wa vitabu. Eveready walipoingia soko la hisa mwaka 2006, hisa ziliuzwa kwa shilingi 9.50 na watu walizigombea. Aliyenunua hisa hakununua mtambo wa Nakuru. Alinunua matumaini ya gawio. Siku bodi inapoletewa karatasi mbili, moja ikionyesha gharama ya kutengeneza betri Nakuru, stima na mishahara ndani yake, na nyingine gharama ya kuileta kutoka Misri, nchi iliyo pamoja na Kenya kwenye soko la pamoja la COMESA, bidhaa zake zikiingia bila ushuru, bodi itachagua karatasi ya pili. Ningekuwa mimi mezani pale, ningesaini. Wala nisingeweza kuwaambia wenye hisa kwamba nazizuia pesa zao nijaribu kutengeneza taa ya sola ambayo hatujui kama itauzika.

MSTAAFU: Na watu wa mashine ungewaambia nini?

MHASIBU: Ningewalipa haki zao, Mzee. Sisemi ni jambo jema. Nasema vitabu havina safu ya hilo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu mhasibu amesema jambo ambalo mijadala mingi hulikwepa. Tunapouliza kama ubunifu huokoa biashara ya viwanda, kilicho hai tunakipima kwa nini? Kwa jina kubaki sokoni? Kwa hisa kuendelea kuuzwa? Au kwa watu kuendelea kutengeneza kitu mahali fulani? Kwa kipimo cha kwanza na cha pili, ile kampuni ya Nakuru iliokoka mwaka 2014. Kwa cha tatu, ilikufa mwaka huo huo. Anayesema "biashara iliokoka" na anayesema "kiwanda kilikufa" wote wanasema kweli, na wakibishana bila kutenganisha hayo hawatafika popote.

MHASIBU: Na msidhani nasema kwa hisia. Jambo hili watu wamelipima. Elena Cefis na Orietta Marsili walifuatilia viwanda vya Uholanzi wakakuta kwamba wale waliobuni waliishi muda mrefu zaidi kuliko wasiobuni, hata ukizingatia ukubwa na umri wao. Mhandisi hapo atafurahi. Lakini walikuta pia kwamba ubunifu uliosaidia kwa namna ya pekee ni ule wa jinsi ya kutengeneza, yaani wa ndani ya karakana, ambao mteja haoni. Halafu kule Ufini, Ari Hyytinen, Mika Pajarinen na Petri Rouvinen waliangalia kampuni changa. Zile zilizoanza na nia ya kuleta jambo jipya ndizo zilizokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kubaki hai miaka ya mwanzo. Kisa chake mnaweza kukikisia. Kitu kipya kinataka utafiti, kinataka kalibu, kinataka majaribio na mali ya kutupa, kisha miezi ya kumsubiri mnunuzi azoee. Mwenye akiba huvuka hapo. Asiye na akiba huishia njiani akiwa na wazo zuri mkononi.

MHANDISI: Kwa hiyo masikini asibuni?

MHASIBU: Sijasema hivyo, dada. Nasema kubuni ni kamari yenye gharama ya kiingilio, na anayewahimiza wenye viwanda vidogo wabuni awaambie na bei ya kiingilio.

MSTAAFU: Mimi nina mfano rahisi kuliko wa Ufini. Bata wako Limuru zaidi ya nusu karne sasa. Kiatu cha shule cha Toughees nilikinunulia watoto, watoto wangu wakawanunulia wao. Cheusi, ngozi, kamba, soli nene. Kama kipo kiatu kilichokataa kubadilika ni hicho, na kiwanda kipo.

MHANDISI: Kipo kwa sababu shule zinataka kiatu cheusi, Mzee. Kanuni za sare zimelinda lile soko kuliko ukuta wowote. Siku walimu wakuu wakikubali raba, tutaona.

MSTAAFU: Huenda. Lakini mzazi angeweza kununua cheusi kingine cha bei ya chini kilicholetwa na meli, na wengi hununua. Wanaorudi kwa kile cha Limuru wanarudi kwa sababu kinamaliza mwaka wa masomo bila kuachama mdomo. Kudumu nako ni kazi, binti. Kuna watu wanaamka kila asubuhi kuhakikisha kitu hakibadiliki kuwa kibaya.

Naungana na mzee kwa hilo. Tumezoea kuhesabu kilichoongezwa kwenye bidhaa na kusahau kazi ya kuilinda isiharibike, nayo ndiyo iliyomfanya mzazi arudi. Lakini pia tusijidanganye: viatu vya shule vina mnunuzi aliyelazimishwa. Betri na tairi hazikuwa na mwalimu mkuu wa kuzitetea.

FUNDI: Mnaongea kana kwamba kiwanda ni lazima kiwe na geti na king'ora. Njooni Kamukunji. Utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Pale hatuna bodi wala mwenye hisa, na bidhaa mpya ndiyo iliyotuweka mjini.

MHANDISI: Tueleze, fundi.

FUNDI: Zamani tulikuwa tunatengeneza jiko la bati tupu. Wanasema lilienezwa na mafundi wa Kihindi waliokuja na reli. Lilikuwa rahisi kutengeneza lakini joto lote linatoka ubavuni, ukipita karibu linakuunguza mguu, na mkaa unaisha ugali haujaiva. Miaka ya mwanzoni ya 1980 ndipo likaja jiko la kauri. Wazo lake lilitoka Thailand, wataalamu wakakaa na mafundi wa hapa wakalijaribu na kulibadilisha. Likapata kiuno: juu pana, katikati pamebana, chini pana ili lisipinduke mtu akisonga. Kauri ikawekwa nusu ya juu tu, ikikaa kwenye kile kiuno, kwa hiyo jiko halikuwa zito na udongo haukupotea bure. Mkaa ukapungua theluthi moja na zaidi kwa jiko lililotengenezwa vizuri. Mwanamke aliyekuwa ananunua kopo la mkaa kila siku alilijua hilo bila kupimiwa na mtu.

Kazi yenyewe ni hivi. Bati tunalipata kwenye mapipa na mabaki, tunalikunjua, tunalipima kwa kipande cha mfano, tunalikata kwa mkasi wa chuma, tunalikunja na kulifunga mshono kwa nyundo bila kuchomelea. Kauri inatoka kwa watu wa udongo, imeshachomwa, ina matundu ya majivu chini. Tunaipachika kwa saruji iliyochanganywa na kitu cha kuzuia joto, halafu miguu, mikono, na kidirisha cha hewa. Kauri iliyokaushwa haraka inapasuka wiki ya kwanza. Mteja mjuzi anaigonga kwa kidole, anasikiliza, akisikia sauti imekufa anairudisha. Mwenye haraka anabeba tu, kisha anarudi kutulaumu.

MHASIBU: Na hapo ndipo ninapotaka kukushika, fundi. Lile jiko halikuwa na hati miliki. Ukiboresha kidirisha asubuhi, jioni jirani yako amekiiga. Bei ilianguka mno tangu miaka ile ya mwanzo. Aliyebuni alipata nini?

FUNDI: Alipata jina, na jina halilipi kodi ya nyumba. Sikatai. Na kuigana kulituletea majiko mabovu, kauri nyembamba, bati la karatasi. Lakini hesabu na upande wa pili. Kwa kuwa halikufungiwa, mafundi wakawa wengi, bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaweza kulinunua, na jiko likafika Tanzania, Uganda na mbali zaidi. Hakuna fundi mmoja aliyetajirika, ila kazi ya jiko ipo. Mimi nilifundishwa na mtu ambaye hakubuni chochote, na mwanafunzi wangu ana banda lake.

MHANDISI: Sasa umekuja kwangu. Kilichokuweka hai ni bidhaa mpya.

FUNDI: Na kinachotaka kuniua ni bidhaa mpya. Tangu mwaka 2014 kuna kiwanda Ruiru kinachotengeneza Jikokoa. Mashine za kisasa, chuma maalum cha moto mahali pa kauri, kipimo kimoja kwa kila jiko. Linatumia mkaa kidogo kuliko langu, nimelijaribu, sina sababu ya kudanganya. Ni ghali kuliko langu, ndiyo, lakini wanaliuza hata kwa awamu, na wana pesa wanazolipwa kwa kupunguza hewa ukaa zinazowasaidia. Mimi hewa ukaa naivuta tu.

MHANDISI: Lakini linatengenezwa Ruiru, fundi. Vijana wa hapa wameajiriwa. Si boksi la kutoka nje.

FUNDI: Sijalia, dada. Nauliza tu: mnaposema ubunifu huokoa viwanda, mtaje na vile unavyovizika. Vyote ni viwanda.

Swali la fundi ni zito kuliko lilivyosemwa. Kitu kipya hakiji sokoni kikakuta mahali patupu. Jiko la kauri lilikula nafasi ya jiko la bati. Tochi ya simu ilikula nafasi ya betri. Na sasa Jikokoa inamla aliyekula jana. Kwa jumla ya nchi huenda ni faida. Kwa banda moja la Kamukunji, ni habari ya kufunga au kutofunga, na mwenye banda hali wastani wa nchi.

MAMA WA KANGA: Nimewasikiliza muda mrefu wanangu. Mimi sina mashine hata moja, lakini nadhani kwetu kuna jibu lenu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kipimo chake hakijabadilika tangu nilipoijua, na ukikibadilisha wanawake hawataichukua. Lakini ndani ya kipimo hicho, kila siku ni jipya. Maua mapya, rangi mpya, jina linalosemwa mtaani wiki hii. Jina likichelewa miezi miwili limeshachuja, utauza kanga kama kitambaa cha kufutia meza. Pale Mtaa wa Biashara kuna nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, wenye kanga za Mali ya Abdulla. Wameanza 1887. Fikirini ni viwanda vingapi vimewachapia watu wa kanga tangu wakati huo. Uingereza walichapa, Waholanzi, Wahindi, Wajapani. Baada ya uhuru tukachapiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, Dar es Salaam, kilianza 1968 kwa msaada wa China, na kanga zake tulizipenda. Leo nyingi zinatoka tena India na China. Viwanda vilipanda vikashuka. Duka lipo.

MHASIBU: Kwa sababu duka lina wateja.

MAMA WA KANGA: Kwa sababu duka ndilo linalochagua jina na maua, mwanangu. Mchoro uko kwetu. Kiwanda tunakipelekea mchoro, nacho kinachapa. Kikipandisha bei au kikichelewesha, tunaupeleka mchoro kwingine. Nasikitika kusema hivyo, maana nina ndugu waliofanya kazi viwandani. Lakini ndivyo ilivyo. Kiwanda kilichokaa kusubiri mchoro wa mwingine hakikuwa na la kumzuia mwenye mchoro asiondoke.

MSTAAFU: Na mitumba je? Viwanda vya nguo vilikufa kwa mitumba, mama, miaka ya 1990.

MAMA WA KANGA: Mitumba iliwaua wa mashati na magauni. Kanga haina mtumba. Nani atanunua kanga yenye jina la harusi ya mtu mwingine? Urafiki waliingia ubia na kampuni ya China miaka hiyo hiyo ya 1990, na bado hawakurudi walipokuwa. Mitumba peke yake haitoshi kueleza.

Nilichokuwa nikikitafuta tangu mwanzo wa mjadala huu kimesemwa na mama wa kanga, nami nitakisema kwa maneno yangu. Bidhaa mpya humwokoa anayeishika. Anayeishika ni yule mwenye mchoro, mwenye kalibu, na mwenye mamlaka ya kusema kesho tutengeneze hivi badala ya vile. Mambo hayo matatu yakikaa karakanani, kila jipya huipa karakana pumzi. Yakikaa dukani, huokoka duka. Yakikaa makao makuu ng'ambo ya bahari, kiwanda cha hapa hubaki kuwa mahali pa kufanyia kazi iliyoamuliwa kwingine, na siku hesabu zikibadilika kinafungwa bila mtu kukichukia. Nakuru ilikuwa na mashine na watu wenye mikono mizuri, ila jina na teknolojia ya ile betri vilikuwa mali ya familia kubwa ya Energizer, yenye viwanda nchi nyingine. Kumlaumu meneja wa Nakuru kwa kutobuni taa ya sola ni kumlaumu mtu kwa kutofungua mlango ambao hakupewa funguo zake.

Kwa hiyo nawakatalia wanaosema "walilala." Na nawakatalia pia wanaosema ushuru mkubwa peke yake ungetosha. Ushuru ungekinunulia kiwanda muda. Muda huo ungetumiwa na nani, kuchora nini?

MHANDISI: Nakubaliana, na niongeze mfano wa mbali kidogo, kwa sababu ni wa kiwanda kilichorudi kutoka kaburini. Uswisi. Maabara yao ya Neuchâtel ilitengeneza saa ya mkononi ya kwazi mwaka 1967, ya majaribio. Lakini Seiko wa Japani ndio waliotangulia kuiuza, Desemba 1969. Waswisi walikuwa na wazo, hawakulipeleka sokoni kwa nguvu, wakaangamizwa: kazi za viwanda vya saa zikaporomoka kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hadi chini ya 40,000 katikati ya miaka ya 1980. Kisha kwenye kiwanda cha ETA kule Grenchen, kijana mhandisi aitwaye Elmar Mock alitaka kampuni imnunulie mashine ya kuundia plastiki. Ilibidi aeleze ni ya nini. Yeye na mwenzake Jacques Müller wakachora saa ya plastiki. Mwaka 1983 ikatoka kwa jina la Swatch. Ina sehemu 51, karibu nusu ya saa za kawaida. Hapo ndipo penye siri: kwa kupunguza sehemu, mashine ziliweza kuiunga palepale Uswisi, na mshahara mkubwa wa Mswisi haukuiua bei. Waliichora upya ili iweze kutengenezwa nyumbani.

MSTAAFU: Hiyo nimeielewa. Kwa hiyo mchoraji alikuwa ndani ya kiwanda, karibu na mashine.

MHANDISI: Ndani kabisa, Mzee.

MHASIBU: Na benki nyuma yake, na mafundi waliofunzwa vizazi na vizazi. Tusisahau.

MHANDISI: Hata sisi tulijaribu. Lile gari la Kenya, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa mwaka 1990, na halikufika sokoni. Watu hulitaja kama aibu. Mimi sioni aibu. Mradi ule ndio uliozaa Numerical Machining Complex hapa Nairobi, ambako kuna mashine za kukata chuma kwa vipimo vya hali ya juu. Gari lilikufa, uwezo wa kuchonga ukabaki. Kinachoniuma ni kwamba uwezo huo hauwafikii watu kama huyu fundi inavyopaswa.

FUNDI: Hapo sasa mmefika nyumbani kwangu. Mimi nikitaka kupambana na Jikokoa sihitaji semina. Nahitaji kalibu ya chuma ya kugongea ganda la jiko, ili kila moja litoke sawa na jingine. Leo kila jiko langu ni mkono wangu: nikichoka jioni, kiuno kinapinda, kauri haikai sawasawa, joto linavuja. Ganda likiwa na kipimo kimoja, mtu wa udongo naye atanipa kauri ya kipimo kimoja. Hapo ndipo nitaweza hata kuweka chumba cha moto cha chuma kama wao. Lakini kalibu ni ghali, na benki ikiniuliza dhamana naulizwa hati ya shamba. Shamba sina.

MHASIBU: Sheria ilibadilika, fundi. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana ya mali inayohamishika. Mashine, mali iliyo ghalani, hata madeni unayowadai watu, vyote vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana.

FUNDI: Sheria naisikia redioni. Afisa wa mikopo niliyemwendea aliniuliza kama nina gari.

MHASIBU: Kwa sababu gari anajua ataliuza wapi usipolipa. Kalibu ya jiko atamuuzia nani? Hilo ndilo linalomtisha, wala simlaumu sana. Ila lina dawa. Mkopo usisimame juu ya kalibu peke yake. Usimame juu ya oda. Ukiwa na wanunuzi watatu wa jumla walioandika kwamba watachukua majiko kila mwezi, hata kwa kiasi kidogo, hesabu inaanza kusomeka.

MAMA WA KANGA: Wanunuzi wa jumla nawajua Mombasa. Jiko la kipimo kimoja wangelichukua. Wanachochoka nacho ni kurudishiwa majiko yaliyopasuka.

MSTAAFU: Na mtu wa kuiseti hiyo mashine ya kugonga? Kalibu nzuri kwenye mikono isiyojua inaharibika mwezi mmoja. Nakuru kuna watu walioseti mashine maisha yao yote na sasa wamekaa. Hawajaulizwa.

FUNDI: Waje, Mzee. Pa kufanyia kazi papo.

MHASIBU: Swali moja kabla sijafungua faili. Hiyo kalibu ikinunuliwa, itaandikwa jina la nani? Lako?

FUNDI: Ikiwa yangu peke yangu nitaila siku ya shida. Tuna chama cha mafundi wa safu yetu. Iandikwe jina la chama, na mchoro pia ukae chamani, asiondoke nao mtu.

MHASIBU: Chama kina cheti cha usajili?

FUNDI: Kinacho.

MHASIBU: Basi nileteeni cheti, oda kwa maandishi, na bei ya kalibu kutoka kwa wachongaji wasiopungua wawili. Dada mhandisi, mchoro ni wako?

MHANDISI: Nitachora nikiwa Kamukunji, nikimwona anavyokunja.